Sikio la Oshun

Edelzuita, ambaye sote tulimwita Zuita, alikuwa fundi wa nguo za orisha, wale miungu wenye asili ya Afrika wanaowapanda watu wetu ngomani, na kama yuko fundi mwingine hapa Cachoeira aliyemfikia kwa kudarizi, mimi sijakutana naye. Alikuwa akitandaza kitambaa cheupe mezani, anachora maua na samaki kwa penseli, anazungushia mchoro uzi, kisha anachukua mkasi mdogo na kukata kitambaa cha katikati mpaka upepo unapita. Sketi moja ilimchukua miezi. Akimaliza aliichovya kwenye wanga wa muhogo, akaianika, akaipiga pasi hadi ikasimama yenyewe bila mtu ndani. Orisha wengi wa mji huu wamecheza ngoma ndani ya kazi ya mikono yake, na kila aliyesema, "Loo, Oshun kapendeza leo," alikuwa akimsifu Zuita pia, jambo ambalo yeye alilijua vizuri sana.

Na alikuwa na mdomo. Nampenda, lakini sitamficha. Hakuna harusi wala msiba aliotoka bila neno la kusema juu ya fulani. Alijua padre kala nini juzi na nani kakopa sukari kwa nani. Lakini kilichomnoga kuliko vyote kilikuwa kuwasema wanaojifanya wamepandwa na orisha kumbe hawajapandwa. Sisi tunauita uongo huo eke, na katika nyumba zetu za orisha hakuna tusi zito kuliko hilo.

Mwaka mmoja alikuja binti wa São Félix, ng'ambo ya daraja, akacheza kwetu. Katikati ya ngoma binti akapiga ukelele, akaanza kuzunguka kama upepo, eti Yansan, orisha wa dhoruba, ameshuka. Zuita akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapiga ngoma, "Jamani, Yansan gani huyu anayerekebisha kamba ya sidiria?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Binti hakuonekana tena Cachoeira, na watu wa nyumba yao hawakusahau.

Mimi ni ekedi. Orisha hawanipandi, walinichagua nibaki macho niwatunze wanaopandwa. Nawadaka wasianguke, nawapangusa jasho, nawavisha nguo za orisha wao, na ngoma ikiisha nawapa maji na kuwarudisha duniani. Kwa hiyo nimewaona wengi, na naweza kusema kwamba Oshun wa Zuita, yule orisha wa mito, dhahabu na uzazi, alikuwa wa kweli. Alikuwa akimjia bila kumsubirisha mtu. Ngoma yake ikianza tu, Zuita alikuwa hayupo, na mbele yetu anasimama bibi mwingine, mpole, mwenye maringo, asiye na haraka na mtu. Ukimjua Zuita na mdomo wake, utaelewa kwa nini tulishangaa kila mara.

Kuna jambo moja ambalo bila hilo hadithi hii haieleweki. Kwetu anayepandwa hakumbuki. Orisha akishuka, mwenye mwili huenda zake, wapi hatujui, na akirudi haambiwi alichofanya wala alichoambiwa. Hata kama alicheza vizuri haambiwi. Ndiyo maana watu husogea wakamkumbatia Oshun na kumnong'oneza sikioni mambo wasiyoweza kumwambia padre wala mume. Sikio ni la yule aliyekopesha mwili tu, lakini kwa wakati ule ni la Oshun. Mimi nikisimama pale na taulo yangu hugeuza uso nisisikie.

Shoga mkubwa wa Zuita alikuwa Valdelice, tuliyemwita Delice, muuza kashata wa karibu na soko. Walikua pamoja, walifua pamoja mtoni, walitiana chumvi kwenye vidonda na kusameheana tangu wasichana. Delice hakuwa na mtoto. Mumewe, Genivaldo, alikuwa msokota sigara, mtu wa utani, na mji mzima ulimwonea Delice huruma kwa tumbo lake tupu, naye aliichukia huruma hiyo. Mwaka ninaousimulia tumbo lile lilikuwa limeanza kumtesa. Damu ilikuwa ikimtoka wiki nzima, inakatika siku chache, inarudi. Daktari wa Salvador alimwambia ana uvimbe, na kwamba kizazi lazima kitolewe, na mapema. Siku ya upasuaji ilipangwa, muda si mrefu baada ya sherehe yetu ya Oshun.

Sherehe hiyo ilikuwa siku ya Zuita. Alikuwa ametimiza miaka saba tangu aingizwe kwenye nyumba, na mtu akitimiza miaka hiyo anahitimu, anahesabiwa kati ya wakubwa. Alikuwa ameshona nguo ya siku hiyo tangu mwaka wa nyuma: sketi ya rangi ya dhahabu yenye samaki waliokatwa kwa mkasi pindo zima, na blauzi ambayo sijui kama nitawahi kushika nyingine kama ile. Wageni walikuja kutoka nyumba nyingi. Watu wa São Félix nao walikuja, na kwenye kiti cha mbele kabisa alikaa shangazi yake yule binti wa sidiria, pepeo mkononi, anatabasamu.

Ngoma ya Oshun ikapigwa. Wanawake wengine wawili wa nyumba wakapandwa mara moja, nikawakabidhi kwa wenzangu. Zuita, mwenye siku yake, aliendelea kucheza kwa miguu yake mwenyewe. Claudionor, mkuu wa ngoma, akamtazama, akarudia wimbo. Akarudia tena. Akabadilisha, akapiga ule ambao ulikuwa haujawahi kushindwa kwake. Zuita akacheza, jasho likamtoka, macho wazi kabisa. Kwa nini Oshun hakuja siku ile mimi sijui, na anayesema anajua anadanganya. Orisha haitwi kama gari la kukodi.

Kwenye viti watu wakaanza kutazamana. Yule shangazi akamwegemea jirani yake akasema neno, jirani akafunika mdomo. Sikusikia alichosema. Zuita naye hakusikia, lakini nilimwona akidhani kwamba amesikia.

Hapo akatetemeka. Akapiga ukelele wa Oshun, akafumba macho, akainama. Watu wakashangilia, wakainua mikono. Mimi nikamdaka, nikampeleka chumba cha kuvalia.

Sasa sikiliza. Mtu aliyepandwa ni mzito. Hakusaidii. Mkono wake unauinua wewe, unaupenyeza wewe, ukiuachia unaanguka. Nilipoikunjua ile blauzi na kuisogeza, mkono wa kulia wa Zuita ukajiinua wenyewe, ukaingia kwenye nguo kama wa mtu anayejiandaa kwenda kanisani.

Nikaganda.

"Zuita," nikamwambia kwa sauti ya chini.

Macho yakabaki yamefumbwa.

"Zuita, bado hujachelewa. Nitawaambia umezimia kwa joto. Nani atakulaumu kwa joto?"

Kope zikamcheza. Akayabana macho zaidi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mama Ambrosina, mama wa nyumba yetu, mzee ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu lakini masikio yake ni ya paka. "Oshun yuko tayari?" akauliza.

Nikamtazama Zuita. Jibu lilikuwa lake, na alichojibu ni kunyoosha shingo. Nikamvika taji lenye pazia la shanga linalofunika uso, nikampa pepeo la shaba lenye kioo. Sehemu yangu ya aibu naijua, ila hadithi hii ni yake.

Akatoka, akacheza. Alicheza vizuri mno, kwa kuwa miguu ilikuwa inajua kazi. Wazee wakalala chini mbele yake. Mama Ambrosina, pamoja na magoti yake mabovu, akainama akagusa ardhi. Zuita aliniambia baadaye kwamba wakati huo alijiona katika kioo cha pepeo, jicho moja liko wazi nyuma ya shanga, na kwamba angetoa mashine yake ya kushonea ili ardhi ipasuke immeze.

Kisha Delice akainuka kwenye benchi. Alitembea polepole, akishikilia ubavu. Akamkumbatia Oshun, akaweka mdomo sikioni mwake, akaanza kunong'ona. Alinong'ona kwa muda mrefu. Nikageuza uso kama desturi, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani nimvute mtu kutoka kwenye kumbatio la orisha. Niliposikia kwikwi nikatazama. Delice analia, amemshika Oshun mabega, anasubiri jibu. Na Zuita, asijue la kufanya, akiwa na macho ya watu wote mgongoni, akanyoosha kiganja akakiweka juu ya tumbo la Delice.

Uso wa Delice ukafunguka. Sijawahi kuuona hivyo, tangu tukiwa wasichana.

Baada ya sherehe Zuita alinyamaza. Kwanza tukadhani ni heshima ya ukubwa mpya. Alikuwa anakuja nyumba ya orisha, anasalimia, "Baraka, Mama," anafanya kazi yake, anaondoka. Sokoni watu walimtega kwa habari za jirani, naye anasema, "Sijui bwana." Claudionor akasema, "Huyu kaumwa na nini? Mdomo umeota kutu?" Mimi niliujua ugonjwa, nikangoja aulete mwenyewe.

Wakati huo gari la manispaa linalowachukua wagonjwa kwenda Salvador likaja, likampigia Delice honi mlangoni, naye akatoka akamwambia dereva aende zake. Genivaldo alimbembeleza, wapi. Kila aliyemuuliza alipewa jibu moja, kwa uso wa bashasha, "Oshun mwenyewe ameniwekea mkono. Daktari ni nani?" Lakini midomo yake ilikuwa myeupe kama chokaa. Alikuwa na kikombe cha barafu muda wote, anatafuna barafu kama karanga, hata alipokuwa akiwahudumia wateja. Siku moja alikaa chini katikati ya kuhesabu kashata, akasema ameshikwa na usingizi.

Habari za siku hiyo ndizo zilizomleta Zuita jikoni kwangu mchana. Nilikuwa nakata bamia. Hakukaa. Alisimama mlangoni, kitambaa chake cha kichwa mkononi.

"Ekedi, uliniona."

"Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilikwambia kuhusu joto. Wewe ndiye uliyejitia kiziwi."

Akaanguka kwenye kigoda, akaanza kulia, kilio kibaya, cha mtu asiyezoea. "Nilimwekea mkono, Jacira. Alinishika vile, ananitazama vile. Ningefanya nini? Ningempa kisogo? Nilitaka tu anyamaze. Nilitaka aniache niende."

"Na sasa anakufa kwa ajili ya mkono wako."

"Usiniambie hivyo!"

"Nikwambie vipi? Nikudarizie?"

Akajifunika uso. "Alinieleza jambo. Hilo siwezi kukwambia hata wewe. Halikuwa langu kulisikia. Usiku nikilala nalisikia." Akapangusa pua kwa kitambaa. "Nikienda kumwambia, mji mzima utajua. Yule shangazi wa São Félix atafanya karamu. Mimi, Zuita! Mimi niliyemcheka yule mtoto!"

"Ndiyo, wewe," nikasema. Nilikuwa na hasira naye, na huruma pia, na hasira iliwahi kutoka. "Vaa kitambaa chako. Twende."

Genivaldo alikuwa barazani na vizimba vyake vya ndege. "Karibuni, mabibi! Mmeleta habari au mmefuata kashata?" Nikamwambia tumekuja kumjulia hali mgonjwa. "Mgonjwa gani? Mke wangu hana ugonjwa, muulizeni mwenyewe," akasema, lakini macho yake yalituomba tusaidie.

Delice alikuwa amejilaza kwenye kochi, kikombe cha barafu kifuani. Alifurahi kumwona Zuita. "Umenisusa, shoga yangu. Ukubwa umekulevya?"

Zuita hakukaa. Alisema kwa mkupuo, kama mtu anayetema kitu kichungu, "Delice, siku ile Oshun hakuja. Nilijifanya. Mkono ule ulikuwa wangu. Nenda hospitali."

Delice akatafuna barafu. Akacheka. "Wewe ulikuwa hupo. Utajuaje?"

"Nilikuwepo."

"Hakuna kiti kinachojua kimekaliwa na nani. Tangu lini? Ekedi, mwambie."

"Delice," nikasema, "nilipomvisha aliinua mkono mwenyewe."

"Mkono! Kwani Oshun hana mikono?" Akajiinua kwa kiwiko, macho yamemwaka. "Genivaldo kawatuma, eh? Au ni wivu. Ndiyo, ni wivu! Siku yako wewe, nguo yako wewe, halafu Oshun akaja kunigusa mimi. Inakuuma. Umezoea kusifiwa peke yako, Zuita, tangu tukiwa wadogo."

"Si wivu."

"Basi ni shetani wa woga. Umechanganyikiwa. Mimi niliona uso wake. Kwa mkono ule Oshun aliniambia nikae."

Nilielewa pale kwamba Zuita alikuwa amenaswa. Angeapa kwa mama yake, angepiga magoti, Delice angekuwa na jibu: anayepandwa hakumbuki. Kanuni ile ile iliyomficha ndiyo iliyomkataa sasa. Kulikuwa na ushahidi mmoja tu duniani, naye Zuita alikuwa anaujua. Akatazama mlango wa baraza, akasikia Genivaldo akiwapigia ndege mluzi, akapiga magoti kando ya kochi. Akaweka mdomo sikioni mwa Delice, vilevile kama Delice alivyokuwa ameweka sikioni mwake, akanong'ona.

Aliyoyanong'ona sikuyasikia. Nilichokiona ni uso wa Delice. Ulizimika. Damu iliyobaki ndani yake iliondoka yote, akamtazama Zuita kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa uchi bafuni. Akaweka kikombe chini, kwa uangalifu mkubwa.

"Nilimwambia yeye," akasema.

"Najua."

"Nilimwambia yeye. Si wewe."

"Najua, Delice."

"Miaka yote hii sijamwambia mtu. Hata huyo aliye nje." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Na wewe ulisimama pale na taji lako unasikiliza."

Zuita alibaki magotini, kichwa chini, hakujitetea. Nilitamani ajitetee. Aibu yake ilijaa chumba kizima, nami nilikosa pa kuweka macho yangu.

"Toka," Delice akasema.

Tukatoka. Genivaldo akashangaa, "Mbona upesi hivyo? Hata kahawa?" Kabla sijapata uongo wa kumpa, sauti ya mkewe ikatoka ndani, kavu kabisa. "Geni, nenda kwa yule dereva wa manispaa. Muulize anakwenda Salvador lini tena." Genivaldo aliacha mlango wa kizimba wazi, akakimbia bila viatu.

Zuita hakurudi kwake. Alipanda moja kwa moja hadi nyumba ya orisha, akamkuta Mama Ambrosina na wakubwa wanachambua kunde, akalala kifudifudi mbele yao na kusema yote, isipokuwa siri ya Delice. Mama hakupaza sauti. Aliendelea kuzungusha kunde kwa vidole.

"Wanaodanganya watu nimewaona wengi," akasema mwishowe. "Mtu wa kumwibia Oshun sikio, huyo ndiyo kwanza namwona leo."

Afadhali angempiga. Zuita akarudishwa kwenye mkeka kama mwanagenzi wa jana. Ukubwa ukaondoka, kiti cha wakubwa kikaondoka, ile nguo ya dhahabu ikafungwa sandukuni na ufunguo akakaa nao Mama. Akapewa kazi ya jikoni: kumenya vitunguu, kuponda kunde, kukaanga kwa mawese mpaka macho yanamwiva kwa moshi. Wasichana aliowashonea nguo za kuingizwa walimpita bila kumwomba baraka, maana sasa yeye ndiye wa kuwaomba wao, na aliwaomba, magoti chini, bila kinyongo cha kuonekana.

Mji nao haukumhurumia. Ng'ambo ya daraja yule shangazi alifanya karamu kweli. Watoto wakampachika jina la Sidiria. Akipita sokoni mtu anajitetemesha, anafumba jicho moja, anauliza, "Nikuwekee mkono wapi, mama?" Zuita wa zamani angewararua. Huyu aliinamisha kichwa, akanunua kitunguu chake, akaenda.

Ila jambo moja lilinifanya nimheshimu kuliko alipokuwa na taji. Kila mtu alitaka kujua Delice alinong'ona nini. Walimjaribu kwa utani, kwa hila, kwa soda baridi. Claudionor alimwambia, "Zuita, wewe uliyekuwa unajua mpaka ndoto za padre! Tupe kidogo tu." Angeweza kununua urafiki wa mji mzima kwa sentensi moja. Alijibu, "Najua, na sisemi," akarudi kwenye vitunguu vyake. Wala mimi sikuwahi kumuuliza. Na wewe usiniulize.

Delice alipasuliwa, akarudi mwembamba, akiwa hai. Rangi ikamrudia midomoni, barafu akaiacha. Aliniletea kashata, akamletea Mama Ambrosina kashata, akawaletea hata wapiga ngoma. Zuita alikuwa jikoni, anamwona kupitia dirisha. Walipokutana njiani Delice alimsalimia kama unavyomsalimia karani wa benki, akaendelea na safari yake.

Sherehe ya Oshun ikafika tena. Zuita hakutakiwa kucheza. Alikuwa amekaa nyuma, kwenye mlango wa jikoni, amevaa sketi ya pamba ya kawaida, mikono ina harufu ya kitunguu. Claudionor akapiga wimbo wa kwanza, si kwa ajili ya mtu fulani, akianza tu. Nikasikia ukelele nyuma yangu. Nilipogeuka kigoda kilikuwa kimeanguka, na mlangoni amesimama yule bibi mpole, mwenye maringo, asiye na haraka na mtu.

Watu wote wakanitazama mimi. Nikamchukua hadi chumba cha kuvalia, nikatafuta blauzi yoyote safi. Nikaushika mkono wake wa kulia nikauinua, nikauachia. Ukaanguka kama nguo iliyolowa. Niliuinua tena, nikaupenyeza mwenyewe, na sikuona aibu kulia.

"Ndiye," nikamwambia Mama Ambrosina mlangoni.

"Nimemsikia," akajibu. "Mtoe."

Oshun akacheza bila taji, bila dhahabu, na hakuonekana kujali. Wazee wakalala chini. Kisha ukafika wakati wa kumkumbatia, watu wakaja mmoja mmoja. Mimi nikasimama karibu na taulo yangu, nikageuza uso kama desturi. Nilikaa hivyo kidogo kabla sijagundua kwamba hapakuwa na haja ya kugeuka. Hakuna aliyekuwa ananong'ona. Walimkumbatia kwa heshima yote, shavu kwa shavu, mdomo umefungwa, wakaondoka. Wanawake wengine wawili waliopandwa siku hiyo walikuwa na foleni ya watu wanaowamiminia mambo yao sikioni. Kwa huyu wangu walikuja na midomo iliyoshonwa.

Delice alikuja wa mwisho. Alimkumbatia muda mrefu, mrefu kuliko wote, na nilimwona akifungua mdomo. Akaufunga. Akarudi kwenye benchi, mikono yote miwili juu ya tumbo.

Ngoma ilipokwisha nikamrudisha Zuita. Akanywa maji, akatazama sketi aliyovaa, akatazama taulo yangu, akaelewa. Uso wake ukang'aa kama wa mtoto.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Kwangu?"

"Kwako."

Alilia na kucheka kwa pamoja. Kisha akawa anazungusha bilauri mkononi. "Delice alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alimkumbatia."

"Alimwambia..." Akasita. Alijua kabisa haulizi kitu kinachoulizwa. "Watu walimwambia mambo yao, Jacira?"

Nikampa jibu tunalowapa wote, lile lile tulilolirithi, na nilijitahidi sauti isibadilike. "Hayo si yako kuyajua."

Alinitazama kidogo. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaweka bilauri chini, akaanza kuikunja ile blauzi polepole, na nikajua kwamba ameshajua.